Tone la Wino Halidanganyi: Mabingwa wa Karatasi kwa Wenye Kalamu za Nibu

Ingia duka lolote la vifaa vya ofisi, uliza daftari zuri kwa kalamu ya wino, ile ya nibu. Muuzaji atakuletea lile zito kuliko yote. Atalipima mkononi mbele yako, atabofya karatasi kwa kidole gumba, atakwambia, "Hii nzito, bosi, haipitishi." Nimeambiwa hivyo Dar es Salaam na nimeambiwa hivyo Nairobi, na mara nyingi nimefika nyumbani nikakuta imepitisha. Uzito hautoshi kuwa kipimo. Karatasi inayosifiwa kuliko zote na wapenzi wa kalamu za wino duniani ina gramu 52 tu kwa mita ya mraba, ilhali karatasi ya kawaida ya fotokopi ina gramu 80.

Nyembamba kuliko zote

Jina lake ni Tomoe River. Ilizaliwa katika kampuni ya Tomoegawa ya Japani, na wembamba wake unakaribia ule wa karatasi ya gazeti. Ukiinua ukurasa mmoja kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Lakini andika juu yake kwa nibu nene, iliyojaa wino: mstari hauoti mizizi, wala haupenyi. Wino unakaa pale ulipowekwa, kama maji juu ya jani la mgimbi. Nyuma ya ukurasa utaona kivuli cha maandishi, kwa kuwa karatasi ni angavu, ila hutaona doa.

Siri yake iko kwenye gundi. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana, na nyuzi hupenda maji. Wino wa kalamu ya nibu nao ni maji yenye rangi. Nyuzi zikiachwa uchi huunyonya kama utambi unavyonyonya mafuta, na hapo ndipo herufi "a" inapogeuka buibui. Ili kuzuia hayo, viwanda hutia gundi ndani ya rojo kabla karatasi haijaundwa, au huipaka juu baadaye, kisha hupitisha karatasi kati ya magurudumu mazito hadi uso wake ufunge. Karatasi nene isiyo na gundi ya kutosha ni sawa na blanketi: unene unao, na maji itakunywa tu.

Kwa wembamba huo daftari hubeba kurasa nyingi bila kuwa tofali. Diari ya Hobonichi Techo, iliyotolewa mara ya kwanza kwa ajili ya mwaka 2002, humpa mwenye nayo ukurasa mzima kwa kila siku ya mwaka, na bado toleo lake dogo hutembea kwenye mfuko wa koti. Kwa karatasi hiyohiyo kumetengenezwa pia madaftari ya kurasa 480 yanayofungika vizuri.

Mwaka 2021 habari zikaenea kwamba Tomoegawa inaacha kuitengeneza. Watu walinunua rimu kwa rimu wakajaza makabati. Kazi ikachukuliwa na kampuni nyingine ya Japani, Sanzen, ambayo sasa hutoa karatasi iitwayo Tomoe River S. Wazee wa fani bado wanabishana kama mpya inafikia ya zamani. Mimi nimeandika kwenye zote mbili. Naona ya zamani iliutoa mng'ao wa wino vizuri zaidi, na mpya inavumilia zaidi jasho la kiganja. Kwa mtu anayeandika pwani, jasho la kiganja ni jambo la maana: mafuta ya mkono yakishika karatasi hii, wino hukataa kukaa pale, na neno hutoka lina mapengo.

Inayochelewesha wino kukauka kuliko zote

Ni hiyohiyo. Wino usiponyonywa na karatasi hauna njia ila kukaukia hewani, na hewa ya Dar wakati wa masika imeshajaa maji. Nimewahi kufunga daftari baada ya kuhesabu polepole hadi thelathini, nikakuta ukurasa wa pili umepigwa chapa ya wa kwanza. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, ambaye kiganja chake hufuata maneno nyuma, atapata tabu zaidi. Tatizo ni la zamani: wino wa Parker uitwao Quink, uliotoka mwaka 1931, ulipata jina lake kwa sababu ulitengenezwa ukauke upesi.

Ila kuchelewa huko kuna zawadi. Rangi inapokauka taratibu juu ya uso wa karatasi, sehemu yake hujikusanya kwenye kingo za herufi na kutoa mng'ao wa rangi nyingine kabisa. Wino wa J. Herbin uitwao Emerald of Chivor, kijani cha bahari chenye chembe za dhahabu, hupata pindo jekundu ukiuandikia kwenye Tomoe River. Uandikie kwenye karatasi ya fotokopi utapata kijani basi. Mtu aliyenunua wino wa aina hiyo kisha akauandikia kwenye karatasi inayonyonya, amelipia rangi ambayo hatawahi kuiona.

Laini kuliko zote

Hapa sina shaka: Clairefontaine ya Ufaransa. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1858 huko Étival, katika milima ya Vosges, na karatasi ya madaftari yake ina gramu 90. Nibu haikwaruzi, inateleza. Wengine hulalamika kwamba inateleza mno hata mwandiko wao unakimbia. Ni kweli, mwenye nibu laini sana atahitaji mkono ulio tayari kuizuia.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba daftari hili lilianza kama daftari la mtoto wa shule. Mwaka 1892 muuza vitabu mmoja wa Pontoise, Jean-Alexandre Séyès, alisajili mistari yake: mistari myembamba yenye nafasi ya milimita 2, ili mtoto ajue herufi ndefu inafika wapi na fupi inaishia wapi. Watoto wa Ufaransa wanaitumia hadi leo. Kalamu ya bolipeni haikuruhusiwa rasmi katika shule za huko hadi mwaka 1965, kwa hiyo kwa vizazi kadhaa daftari lililopitisha wino lilikuwa halifai kuuzwa hata kwa mtoto wa darasa la kwanza. Soko lenyewe lilidai karatasi nzuri.

Kwetu bolipeni ndiyo iliyotawala madawati. Wino wake ni mzito, wa mafuta, hauna haja ya gundi yoyote kwenye karatasi, na kiwanda kinachotengeneza daftari kwa ajili ya bolipeni hakina sababu ya kuingia gharama ambayo mnunuzi haioni. Ndiyo maana daftari linaloandikika vizuri kwa bolipeni hugeuka kitambaa cha deki unapolishushia nibu.

Ndugu wa Clairefontaine ni Rhodia, yenye jalada la rangi ya chungwa na misonobari miwili, iliyoanza mwaka 1934 na kuingizwa katika familia ya Clairefontaine mwaka 1997. Bloku zake za gramu 80 zimekuwa mizani ya wanaojaribu wino: wengi wakitaka kulinganisha wino mmoja na mwingine hutumia hiyo ili wote wawe wanasema juu ya karatasi moja.

Yenye nasaba ndefu kuliko zote

Mji wa Fabriano, Italia, umetengeneza karatasi tangu karne ya 13. Mafundi wa Kiarabu, ambao Ulaya ilijifunza karatasi kutoka kwao, walitumia wanga kama gundi. Fabriano wakaanza kuchovya karatasi kwenye gundi ya wanyama, iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa. Sababu ilikuwa kalamu. Kalamu ya mwanzi, iliyotupa sisi neno "kalamu", ina ncha pana na hupita kwa upole. Kalamu ya unyoya wa ndege iliyotumika Ulaya ina ncha kali, inayochokonoa. Uso uliopakwa wanga haukuihimili. Kwa hiyo nibu ya chuma unayoshika leo imerithi karatasi iliyotengenezewa unyoya wa bata bukini.

Mafundi wa mashariki nao hawakuwa nyuma. Waliipaka karatasi uji wa wanga au ute wa yai, wakaiacha ikauke, kisha wakaisugua kwa jiwe laini au kioo mpaka iakisi mwanga. Juu yake kalamu ya mwanzi iliteleza, na wino wa masizi ulikaa juu juu kiasi kwamba mwandishi aliyekosea aliweza kuufuta kwa unyevu. Karatasi za Italia zenyewe, nyingine zikiwa na alama ya hilali tatu ndani yake, zilisambaa sana katika nchi za Waislamu. Karatasi za Ulaya zilifika hadi Siyu, kisiwani Pate, ambako katika karne ya 18 na ya 19 waandishi walinakili misahafu kwa wino mweusi na mwekundu na mapambo ya pembeni ambayo bado yanaonekana safi. Kila ninapotazama picha za kurasa hizo ninaangalia kwanza kingo za herufi. Zimekatika kama zimechorwa kwa wembe. Mtu wa Siyu aliyechagua karatasi ile alikuwa na swali lilelile nililo nalo mimi dukani.

Baadaye gundi ikapata mkosi. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alichapisha njia ya kutumia utomvu wa misonobari pamoja na shabu. Ilikuwa rahisi, viwanda vikaipokea, lakini shabu iliacha asidi ndani ya karatasi. Ndiyo maana vitabu vingi vya karne ya 19 na ya 20 vimegeuka manjano na kuvunjika kama biskuti. Gundi za kisasa zisizo na asidi ndizo zilizoturudishia karatasi inayoshika wino na kudumu. Daftari likiandikwa kwamba halina asidi, hiyo ni sifa ya umri wake. Haikuhakikishii lolote kuhusu wino.

Yenye kiu kuliko zote

Karatasi ya kinyesi cha tembo, inayotengenezwa kwa mikono nchini Kenya. Naipenda kwa macho na kwa wazo lake. Nilipewa daftari la namna hiyo, nikaweka tone moja la wino wa bluu: lilitanuka mpaka likawa pana kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, na likapitia kurasa nne. Karatasi nyingi za kazi za mikono ziko hivyo kwa kuwa hazitiwi gundi. Bora kuchorea kwa penseli.

Kundi la pili ni la madaftari ya fahari, yenye jalada gumu, lastiki na utepe. Moja nililonunua kwa bei ya kuumiza lilipitisha kila wino niliokuwa nao isipokuwa mmoja, ule wa chuma na tanini, aina ya zamani inayotumika kwa rejista. Huo hushikana na karatasi upesi na hautambai sana. Mwenye daftari baya asilolitupa ajaribu wino huo pamoja na nibu nyembamba ya Kijapani. Hali itakuwa nafuu.

Ninayoipenda kuliko zote

Midori MD, ya Japani. Haishiki rekodi yoyote. Rangi yake ni ya maziwa yaliyochemka, uso wake una ukinzani kidogo kwa hiyo nibu unaisikia ikitembea, na wino hukauka kabla sijasahau nilichotaka kuandika baadaye. Kwa hewa ya huku kwetu ningeichagua mbele ya Tomoe River siku yoyote.

Ya bei rahisi kuliko zote

Wanaoandika Marekani wana karatasi yao ya HP ya printa, ile nzito ya gramu 120 hivi, ambayo hushika wino vizuri kwa sehemu ndogo ya bei ya madaftari ya kifahari. Ukiipata, kata rimu katikati upeleke kwa mtu wa baindingi.

Rekodi yangu mwenyewe ilipatikana Kariakoo, katika duka lenye upana wa mikono miwili, lililojaa kaunta buku hadi darini. Nilimwamkia mama mwenye duka, nikamwomba ruhusa ya kujaribu kalamu kwenye ukurasa wa mwisho wa kila aina, nikiahidi kununua kila nitakachochafua.

"Marahaba mwanangu. Kwani kalamu yako ina nini?"

Nikamwonyesha. Akainyanyua, akasema baba yake alikuwa na kama hiyo alipokuwa karani, na alikuwa akiifuta kila jioni kwa kitambaa. Kisha akaanza kunishushia vitabu yeye mwenyewe. Nilijaribu aina saba. Kwa kila moja nilifanya mambo yaleyale: neno moja, mistari iliyokatizana, tone moja zito, kisha nikasubiri na kugeuza ukurasa. Sita zilikunywa. Ya saba, yenye jalada la buluu lililopauka, ilibeba tone likiwa duara, likang'aa, na nyuma pakabaki peupe. Mama aliinama akatazama pamoja nami. "Hii ni ya mzigo wa zamani," akasema. "Imebaki kumi na moja." Nilichukua zote.

Miezi mitatu baadaye nilirudi. Jalada lilikuwa lilelile la buluu, sasa halijapauka, na bei ilikuwa ileile. Mama alinitolea ukurasa wa mwisho kabla sijaomba, akanitazama nikishusha tone. Likaota mizizi pande zote. Alikifunga kitabu, akakirudisha rafuni, akaniambia atanitafutia kwa jirani yake wa mtaa wa pili, ambaye huwa hauzi mzigo wake upesi.