Ng'ombe Kumi na Saba na Warithi Watatu

Leo nataka kuwaeleza fumbo la hesabu ambalo watu wa nchi nyingi hulisimulia kwa ngamia. Sisi wa Mbulu na Hanang tutalisimulia kwa ng'ombe, maana ndio tunaowajua.

Tuseme mzee mmoja, aliyekaa chini ya Mlima Hanang, alikufa akaacha ng'ombe 17 na wana watatu. Aliusia hivi: mkubwa apewe nusu, wa pili thuluthi, na mdogo tusui, yaani sehemu moja katika tisa. Wana wakaenda zizini kugawana. Nusu ya 17 ni 8 na nusu. Thuluthi yake ni 5 na thuluthi mbili. Lakini nusu ya ng'ombe si ng'ombe, ni nyama. Mkubwa akataka 9, wadogo wakakataa, na maneno yakawa makali hata fimbo zikashikwa.

Ndipo akaja mzee jirani, anaswaga ng'ombe wake mmoja. Akasema, "Wanangu, mchanganyeni huyu na wenu, kisha mgawane." Wakawa 18. Mkubwa akatwaa nusu, 9. Wa pili thuluthi, 6. Mdogo tusui, 2. Jumla yao 17. Akabaki mmoja, na jirani akarudi naye kwake.

Katika nchi ya Wairaqw kukopeshana ng'ombe ni desturi ya zamani: akopaye hupata maziwa na samadi, na ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe. Lakini mkopo huu haukulala hata usiku mmoja. Je, ulifanya kazi gani?

Tazameni. Fanyeni sehemu zote kuwa za kumi na nane. Nusu ni 9/18, thuluthi ni 6/18, tusui ni 2/18. Zijumlisheni: mtapata 17/18. Kumbe baba hakuigawa mali yake yote! Sehemu moja katika kumi na nane hakupewa mtu. Katika ng'ombe 17, sehemu hiyo ni 17/18 ya ng'ombe mmoja. Hiyo ndiyo waliyogawiwa wana: mkubwa akaongezewa nusu ya ng'ombe, wa pili thuluthi ya ng'ombe, na mdogo tusui. Kwa hiyo kila mmoja alipata zaidi ya alivyousiwa, wala hakuna aliyepunjwa. Hata jirani asingalikuja, wangaliweza kugawana 9, 6 na 2, kama wangalijumlisha kwanza.

Lakini msidhani kila ugomvi wa urithi hutulizwa kwa ng'ombe wa kuazima. Kama wasia ungalikuwa nusu, thuluthi na sudusi, jumla yake ingalikuwa mali yote kamili. Katika ng'ombe 18 wangalitwaa 9, 6 na 3, na ng'ombe wa jirani angalikwenda pamoja nao. Hapo ugomvi wa ndugu watatu ungalikuwa ugomvi wa nyumba mbili.

Basi, mwenye kuusia na azijumlishe sehemu zake angali hai, na wenye kurithi wazijumlishe kabla ya kushika fimbo.

Nanyi wanafunzi, jaribuni hii: mbuzi 11, wa kwanza apewe nusu, wa pili robo, wa tatu sudusi. Je, mtaazima mbuzi wangapi, na mtarudisha wangapi?