Kansa ya Utumbo Ikifika Kwenye Ini

Mtu akiona damu kwenye choo kikubwa, mara nyingi husema, "Ni bawasiri tu," akanyamaza kwa aibu. Huenda ni bawasiri kweli. Lakini huenda pia ni kansa ya utumbo mpana, na kukawia kunaipa nafasi ya kusambaa mpaka kwenye ini.

Kwa nini ini?

Karibu damu yote itokayo kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye ini. Chembe za kansa zikibebwa na damu hiyo hunasa huko, zikaota vivimbe vipya.

Je, huo ndio mwisho?

Si kila mara. Vivimbe vikiwa vichache, na sehemu nzima ya ini ikitosha, mpasuaji anaweza kuvikata. Ini lina uwezo wa kukua tena. Ila kisu hakifikii chembe ndogo zilizojificha. Kwa hiyo madaktari huweza kuongeza dawa za kansa zinazopitishwa mshipani. Pengine dawa hutangulia ili kusinyaza vivimbe vikubwa, vipate kukatika.

Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulihusu wagonjwa 364 wa Ulaya, Australia na Hong Kong. Nusu yao walipangiwa upasuaji peke yake. Wengine dawa kwa miezi 3 kabla ya kupasuliwa na miezi 3 baadaye. Baada ya miaka 3, ugonjwa haukuwa umerudi wala kuendelea kwa watu 28 katika kila 100 wa kundi la kwanza, na 35 wa kundi la pili. Hata hivyo, haikuthibitika kwamba waliopewa dawa waliishi muda mrefu zaidi. Basi dawa ni msaada, si muujiza.

Dawa hizo huleta kichefuchefu, kuharisha na ganzi vidoleni. Mgonjwa akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tufanye nini?

Ukiona damu chooni, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, kukonda au kuishiwa damu bila sababu, nenda kituo cha afya. Kutoka Pongwe, hospitali ya mkoa, Bombo, si mbali. Ikibidi, utapewa barua ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi.

Baba, mama, usione haya kumwambia mganga habari za choo. Aibu hiyo imewachelewesha wengi.