Gari Limekaa Kando ya Barabara? Soma Hii Kabla Halijavutwa

Tuseme gari lako limekufa gia pale Free Area. Umelisukuma kando, fundi akasema spea itafika wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo imegeuka miezi miwili. Magurudumu yameisha upepo. Kila asubuhi unapita ukijiambia, "Mwisho wa mwezi nitalitoa." Halafu asubuhi moja unapita na gari halipo.

Kuanzia hapo kila siku ina bei, ndiyo maana tumeamua tulielezee jambo hili.

Nani anaweza kulivuta?

Inategemea barabara. Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007 iliipa KeNHA barabara kuu, kama hii A8 inayopita Naivasha, Gilgil na Nakuru. KURA ikapewa za mijini, KeRRA za mashambani. Katiba ya 2010 nayo ilizipa kaunti barabara zake, trafiki na maegesho, kwa hivyo mjini Nakuru utakutana na kanjo. Polisi pia wanaweza kuondoa gari linaloziba njia au kuhatarisha watu.

Ukilikosa gari, anza na kituo cha polisi kilicho karibu, kisha ofisi ya kaunti. Usianze na mtu usiyemjua aliyekupigia simu.

Bili inavyokua

Kwa kawaida utadaiwa pesa za kulivuta, faini kama ipo, na ada ya kulala yadi. Hiyo ya tatu ndiyo huumiza, kwa sababu inahesabiwa kwa siku. Magari yasiyochukuliwa hutangazwa, mara nyingi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na wenyewe hupewa muda, mara nyingi siku 30. Muda ukiisha, ni mnada.

Hata gereji si mahali pa kusahau gari. Sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38, inamruhusu fundi kuuza gari ambalo mwenyewe hajalipia wala kulichukua, mradi afuate muda na notisi zinazotakiwa.

Jina la nani liko kwenye logbuku?

Hapa ndipo wengi hukwama. Sheria ya Trafiki inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ulinunua kwa makubaliano ya mdomo bila kubadilisha jina? Notisi itamwendea aliyekuuzia, na pale yadi utakuwa na kazi ya kueleza kwamba gari ni lako. Uliuza bila kubadilisha? Basi wewe ndiye utakayetafutwa. Sheria inatoa siku 14 baada ya kuuziana, na maombi hufanywa kwenye eCitizen.

Ukifika wakati wa kulipa

- Omba bili iliyoandikwa: namba ya gari, tarehe lililoingia yadi, na kila ada peke yake.
- Lipa kwa namba rasmi ya ofisi husika. Malipo ya eCitizen hupitia Paybill 222222, na namba ya akaunti utaipata kwenye mfumo wenyewe.
- Soma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba yako ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.
- Usifute ujumbe wa malipo, na usitoke yadi bila risiti.
- Ukipata ujumbe kwamba gari lako limeshikwa na utume pesa haraka liachiliwe, usitume. Kwanza nenda ukalione kwa macho.

Lakini njia ya bei nafuu ni kutofika yadi kabisa. Pesa za kutengeneza zikikosekana, lisukume hadi kwenye ploti ya mtu anayekubali, au liuze kama lilivyo na ubadilishe jina wiki hiyo hiyo. Pesa kidogo unayopata leo ni yako. Ya mnada huanza kwanza kulipa yadi.