Nyayo za Wageni wa Tovuti: Jinsi Zinavyoweza Kutupatia Majina Mapya

Kila tovuti iliyomo katika intaneti hufikiwa kwa jina lake, nalo huitwa jina la kikoa. Kompyuta zenyewe hutambuana kwa tarakimu. Lakini binadamu hawezi kukariri tarakimu nyingi, na kwa sababu hiyo mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kugeuza majina kuwa tarakimu hizo. Majina ya nchi yetu huishia kwa herufi tz: biashara hutumia co.tz, asasi zisizo za kibiashara or.tz, vyuo ac.tz, na Serikali go.tz. Jina likishasajiliwa na mmoja, mwingine hawezi kulichukua maadamu mwenyewe anaendelea kulilipia ada. Kwa hiyo kuchagua jina ni kama kuchagua mahali pa kujenga ghala: pakiwa mbali na njia, watu hawafiki.

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinatupatia mfano mwema. Wakulima wa huko hulima ufuta, korosho na mbaazi, na huuza mazao hayo kwa mnada kupitia vyama vya ushirika. Chama kikuu chao kinaitwa RUNALI, jina lililoundwa kwa silabi za kwanza za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kwa mwanachama jina hilo ni fupi na lina maana. Lakini mtu anayetafuta bei ya ufuta kwa simu yake huenda asiandike jina la chama; huandika haja yake. Tofauti hiyo baina ya jina linalopendwa na mwenye tovuti na maneno yanayotumiwa na mgeni ndiyo kiini cha makala haya.

Daftari la seva

Mgeni anapofungua ukurasa, kompyuta inayotunza tovuti, yaani seva, huandika mstari katika kumbukumbu zake: saa, ukurasa ulioombwa, anwani ya tarakimu ya mgeni, na jibu alilopewa. Ukurasa usipokuwapo, jibu huwa ni namba 404. Mistari hiyo ya 404 ina thamani kubwa, kwani huonyesha kile ambacho watu walitarajia kukikuta. Chanzo cha pili ni kisanduku cha kutafutia kilichomo ndani ya tovuti. Cha tatu ni maneno yanayoandikwa katika mitambo ya utafutaji. Zamani maneno hayo yalimfikia mwenye tovuti pamoja na mgeni; tangu Google ilipoanza kuyaficha mwaka 2011, hupatikana kwa muhtasari tu, kupitia huduma yake iitwayo Search Console.

Kutoka maneno hadi jina

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme tovuti ya ushirika katika wilaya hizo imepokea maombi 1,000 ya utafutaji kwa miezi mitatu. Kati yake, 400 yana maneno “bei ya ufuta”, 250 yana “mnada”, 90 yana “stakabadhi”, na 60 yameandikwa “Luangwa” badala ya “Ruangwa”. Yaliyosalia ni mchanganyiko. Kazi ya kwanza ni kukusanya pamoja maneno yenye maana moja. Ya pili ni kuyapanga kwa wingi wake. Ya tatu ni kuunganisha neno la haja na neno la mahali au la zao, ili kupata mapendekezo kama vile beiyaufuta, mnadaufuta au ufutanachingwea. Kisha kila pendekezo lipimwe. Je, likitangazwa redioni, msikilizaji ataliandika bila kukosea? Je, limekwisha kusajiliwa, au ni alama ya biashara ya mtu mwingine?

Mambo ya kuangaliwa

Takwimu hizi zaweza kupotosha zisiposomwa kwa makini. Wasemaji wengi hubadilisha r na l, na kwa hiyo yafaa ushirika usajili pia jina lililokosewa na kulielekeza kwenye tovuti halisi, ili tapeli asilitumie kutangaza bei za uongo. Hata hivyo, Luangwa ni mto maarufu wa Zambia; baadhi ya wale 60 huenda walikuwa wakiutafuta huo. Hapana budi kuangalia kama waliendelea kusoma kurasa nyingine au waliondoka mara moja.

Majira nayo yana athari. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na korosho huanza kuuzwa karibu na Oktoba. Atakayesoma kumbukumbu za msimu mmoja tu atapata jina la zao moja.

Tena, mistari ya kumbukumbu si idadi ya watu. Makampuni ya simu hupitisha wateja wengi katika anwani moja ya tarakimu, na mkulima aliyeko Nachingwea aweza kuonekana kana kwamba yuko Dar es Salaam. Mwenye simu isiyo na intaneti haachi alama yoyote, ingawa huenda ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua bei kabla ya kupeleka gunia lake. Kwa hiyo hesabu za seva zikamilishwe kwa kuwauliza wanachama, palepale kwenye ghala la chama cha msingi, wangeandika neno gani.

Mwisho, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawalinda wananchi dhidi ya matumizi mabaya ya habari zao. Tunachohitaji ni kuhesabu maneno, wala si kumfuatilia mtu.

Chama chenye nia ya kuanza hakihitaji mitambo ya gharama. Kitunze kumbukumbu za mwaka mzima, kisajili jina moja au mawili, na kuyaelekeza kwenye tovuti iliyopo. Baada ya msimu, wageni walioingia kwa kila jina wahesabiwe. Lisiloleta mtu halina sababu ya kulipiwa ada tena, isipokuwa lile linalozuia matapeli.