Usichomoe flashi kwa pupa, utajutia

JUMAMOSI moja mtaani kwetu, watoto wapatao 40 walijipanga katika ukumbi wa shule ya msingi, kila mmoja akisubiri kutajiwa neno alitahajie mbele ya wazazi.

Kwa majuma kadhaa walikuwa wamejinoa kwa maneno yanayowatatiza wengi: dhoruba na thumni, ghala na gari, ng'ombe na ngoma.

Orodha ya maneno ya shindano ilikuwa kwenye flashi. Mimi, mmoja wa waamuzi, ndiye niliyeongeza maneno ya mwisho, nikabofya amri ya kuhifadhi na papo hapo nikaichomoa. Tulipoichomeka kwenye tarakilishi ya pili ili tuchapishe, faili ilikataa kufunguka.

Kwa nini hali kama hiyo hutokea?

Tarakilishi ni kama karani anayepokea barua dirishani na kusema "nimeshapokea" ilhali hajazitia kabatini. Mara nyingi data huwekwa kwanza katika kumbukumbu ya tarakilishi, kisha ikaandikwa kwenye flashi baadaye kidogo. Ukiichomoa katika muda huo, sehemu ya data hupotea.

Isitoshe, kila flashi ina jedwali linaloonyesha faili ipi imehifadhiwa wapi. Jedwali hilo likikatizwa likiandikwa, hata faili za zamani ambazo hukuzigusa zaweza kukosa kuonekana.

Tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotolewa mwaka wa 2018, mpangilio wa kawaida wa programu hiyo hauicheleweshi data jinsi ilivyokuwa awali. Hata hivyo, hatari ingalipo iwapo faili bado inanakiliwa. Wanaotumia tarakilishi za Mac au Linux nao hawana budi kuitoa flashi kwa amri kila mara.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kwanza, hifadhi kazi yako na ufunge kila faili iliyofunguliwa kutoka kwenye flashi. Pili, bofya kijipicha cha flashi kilicho karibu na saa, pembeni mwa kioo, kisha uchague amri ya kuitoa. Tatu, subiri ujumbe kwamba sasa waweza kuichomoa.

Tarakilishi ikikuarifu kuwa kifaa kingali kinatumika, funga programu zote ujaribu tena. Ikikataa katakata, izime tarakilishi kabisa kabla ya kuchomoa.

Na iwapo umeshateleza, kisha tarakilishi ikakutaka uifomati flashi, usikubali. Usihifadhi chochote kipya ndani yake, bali ipeleke kwa fundi, kwani huenda faili zako zingali humo.

Zaidi ya yote, weka nakala ya pili kwingineko. Flashi moja si ghala.

Siku hiyo hatukuwa na nakala. Tuliketi na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tukaandika orodha upya kwa kalamu, na shindano likaanza saa mbili baada ya muda uliopangwa.

Wakubwa walishindana. Wadogo, waliopangiwa zamu ya mwisho, walichukuliwa na wazazi wao jioni ilipoingia, kabla hawajatajiwa hata neno moja.

Kuitoa flashi ipasavyo kungenichukua sekunde chache tu.