Berlin Sina Mjomba

Majengo ya Berlin hayana namba za vyumba. Mtaa una jina, jengo lina namba, basi. Ukifika mlangoni unakuta kengele zimepangwa safu kwa safu, na kila kengele ina jina la ukoo: Yılmaz, Schröder, Nguyen, Kowalski. Tarishi naye anafuata majina hayohayo kwenye masanduku ya barua. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka, hata kama uko ghorofa ya tatu unakunywa chai na unamwona akiegesha baiskeli yake. Kwa hiyo anayeujua mji huu, akikabidhiwa funguo, hafungui begi kwanza. Anaandika jina lake la mwisho kwa herufi kubwa kwenye vipande viwili vya karatasi, kimoja anakibandika kwa selotepu kwenye kengele, kingine kwenye sanduku, ndipo anaanza kutafuta pa kuweka sufuria.

Mimi ni wa Tanga, Ngamiani, na ukoo wetu umetapakaa. Shangazi yuko Muscat tangu ujana wake, mjomba yuko London, binamu wako Mombasa na Unguja. Kwa miaka mingi kusafiri kwangu kulikuwa kutoka nyumba ya ndugu kwenda nyumba ya ndugu. Muscat unatua usiku, kijana wa shangazi anakusubiri na gari, na hujamaliza kuvua viatu kahawa na halua vimeshatandikwa. Wazee wa pale, ambao wengi wao wana asili ya Unguja na Pemba, Kiswahili chao kimetulia kuliko changu. Ukisema unataka laini ya simu, anatumwa mtoto. London mambo ni hayohayo, ila baridi imezidi: kadi ya basi unaikuta mezani kwa mjomba, imeshatiwa pesa.

Huko kote nimelala sana lakini sijapata kuishi. Maji ya Muscat yanalipiwa wapi, sijui. Bili ya umeme ya mjomba sijaiona hata siku moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini ndugu zetu walioko nje hawampi mtu jembe, wanaona aibu. Wanakulisha, wanakutembeza, wanakupiga picha mbele ya minara, wanakurudisha uwanja wa ndege. Unarudi nyumbani unasimulia mji ambao hujaugusa.

Kabla ya kuja Berlin kwa kazi nilikwenda nyumbani kuaga, na kuaga kwetu si jambo la siku moja. Muheza, Pangani, Korogwe, kila nyumba chakula, kila nyumba kifurushi. Nikaondoka na mbuzi ya kukunia nazi, kanga za kutosha kufungua duka, na achari ya embe iliyofungwa mifuko mitatu na bado ikanukia ndege nzima. Mama hakuuliza mshahara wala hali ya hewa. Aliuliza, "Huko utakaa kwa nani?"

Nikamjibu, "Kwangu, mama."

Hakuridhika, na alikuwa na haki.

Jembe la Berlin linaitwa Anmeldung, yaani kujiandikisha makazi. Sheria inamtaka anayehamia ajiandikishe ndani ya wiki mbili, na wiki hizo zinahesabiwa tangu siku uliyoingia kwenye nyumba. Siku uliyotua nchini haihusiki. Unakwenda Bürgeramt, ofisi ya huduma za wananchi, na si lazima iwe ya mtaa wako. Yoyote ndani ya Berlin inafaa. Unabeba pasipoti, fomu, na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Kujiandikisha kwenyewe ni dakika chache. Kazi iko kwenye kupata miadi: mtandaoni siku zote zinaonekana zimejaa, mpaka mtu fulani aahirishe ya kwake na nafasi ichomoze. Wenyeji wanaamka asubuhi na mapema, wanafungua ukurasa ule na kuufungua tena kabla hata ya kupiga mswaki.

Ile karatasi unayopewa mwisho ina mhuri, ina anwani yako, na bila hiyo mambo mengi hayaendi. Wiki chache baadaye inakuja kwa posta namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11, ambayo ni yako mpaka unakufa. Mwajiri anaihitaji, akiikosa anaweza kukukata kodi kwa kiwango cha juu kabisa. Benki nyingi zitakuuliza umejiandikisha wapi, na idara ya wageni nayo haikuelewi bila anwani. Halafu, hata televisheni hujanunua, inafika barua ya ada ya utangazaji: yuro 18.36 kwa mwezi, inayotozwa kwa nyumba na si kwa kichwa, uwe na redio au usiwe nayo. Hawakukupeleleza. Ofisi iliyokuandikisha ndiyo iliyowapa jina lako, na sheria inaruhusu.

Kwenye fomu ya kujiandikisha kuna kijisanduku cha dini. Mimi Mwislamu hakikunihusu. Jirani yangu mmoja, Mlutheri wa Lushoto, alikijaza kwa fahari kama mtu anayetoa ushuhuda, na mwisho wa mwezi akaona makato ya kanisa kwenye mshahara. Berlin kodi hiyo ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Hakulalamika. Alisema angalau hapitishiwi bahasha ya ujenzi kila Jumapili.

Lakini yote hayo yanaanzia kwenye nyumba, na nyumba ndiyo adha ya Berlin. Mwenye nyumba anataka hati za mshahara za miezi mitatu, anataka ripoti ya Schufa, kampuni inayoweka kumbukumbu za madeni ya watu na iliyoanzia hapahapa Berlin mwaka 1927, na mara nyingi anataka barua ya mwenye nyumba wako wa zamani kwamba hakudai kodi. Mwenye nyumba wangu wa zamani alikuwa mama. Amana nayo kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, ile kodi tupu isiyo na maji wala joto, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Wengi hawaijui haki hiyo, wanakopa ili walipe kwa mkupuo.

Usishangae ukiingia ukakuta jiko halipo. Simaanishi jiko bovu. Namaanisha ukuta mtupu wenye bomba la maji na waya wa umeme. Wapangaji wengi hununua makabati, sinki na jiko lao, na wakihama wanaondoka navyo au wanamuuzia anayeingia. Nimeshaona taa zimeng'olewa mpaka nyaya zinaning'inia darini.

Ugumu huo ndio unaozalisha vyumba vya uchochoroni. Unaambiwa: chumba kipo, bei nafuu, ila hapana kujiandikisha. Mgeni aliyechoka kulala kwenye kochi la rafiki anakubali, kisha anakaa miezi bila namba ya kodi, bila barua, bila uthibitisho wowote kwamba yupo. Ushauri wangu kwa hilo hauna mjadala: kikatae.

Jengo langu ni la zamani, lina uani, na ghorofa ya pili anakaa bibi wa Kijerumani ambaye ameishi humo tangu kabla Ukuta haujaanguka mwaka 1989. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na miwani yake kifuani. Akatazama kile kiti cha mbao chenye meno ya chuma, akatazama kifuu, akaniomba nikae tena nimwonyeshe. Nikakuna. Akachukua nazi iliyokunwa kidogo kwa ncha za vidole, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniambia kwa upole kwamba Jumamosi ruksa, Jumapili marufuku, na kila usiku kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi jengo linalala. Akanishusha mpaka ukumbini, akanionyesha kanuni za nyumba ukutani, mstari kwa mstari: kutwanga, kutoboa ukuta, taka za karatasi pipa la bluu, mabaki ya chakula pipa la kahawia. Aliyonifundisha kwa robo saa, London sikufundishwa. Sasa wali wa nazi wa Jumapili unaandaliwa Jumamosi, na bakuli moja linashuka ghorofa ya pili.

Kuna sehemu ya mji huu ambayo mtu wa Tanga haipiti hivihivi. Ni Wedding, kaskazini, unashuka treni ya chini ya ardhi namba U6 kituo cha Afrikanische Straße. Mitaa ya pale ina majina ya sehemu za Afrika: Togo, Kamerun, Zanzibar, Usambara, na ndiyo, mtaa wa Tanga. Siku ya kwanza nilisimama chini ya kibao nikajipiga picha nimtumie mama, akajibu kwa sauti: "Mbona hakuna watu?" Karibu na hapo barabara iliyopewa kwanza jina la mkoloni Carl Peters, ambaye kwetu anakumbukwa kama Mkono wa Damu, iligawanywa Agosti 2024. Kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee, kwa vita vya 1905 hadi 1907, na kingine kimepewa jina la Anna Mungunda wa Namibia.

Na wapo Waswahili waliohamia Berlin zamani, wakati hapakuwa na duka la unga wa ugali. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka upande wa Bagamoyo, alifika mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903 ni kazi yake. Alioa Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alijaribu kurudi nyumbani na mkewe. Meli ikafika Dar es Salaam, serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka. Akarudi Berlin, akafia huku mwaka 1927. Kuhamia kwake kulianza siku alipofungiwa kwao.

Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuja mwaka 1929 kudai mishahara ya askari ambayo yeye na baba yake hawakulipwa katika Vita vya Kwanza. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu. Utawala wa Wanazi ulimkamata mwaka 1941 kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafa kwenye kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya Brunnenstraße 193, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake. Ukiwa Berlin, nenda.

Mama anajiandaa kuja kunitembelea. Mwenyeji anayemgharimia mgeni wa viza hutia saini ofisini ahadi kwamba atabeba gharama zake zote, na hati hiyo ni yuro 29. Viza ya kutembea inampa mtu siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Zinatosha. Lango la Brandenburg ataliona, lakini nataka kwanza aione bili ya joto, aingie Bürgeramt achukue namba ya foleni, na apange taka mwenyewe. Nanyi wenzangu mlioko nje mnaopokea wapwa na wadogo zenu kila likizo, nawaomba mfanye hivyohivyo. Yule anayetaka kuja kuhamia siku moja, mwacheni alipe bili moja kwa mkono wake na asimame foleni moja peke yake, hata kama mama yake atawapigia simu kulalamika.