Mwandishi Analipwa Kilo Ngapi za Sukari?

Mama mpendwa wa Kilema, huenda binti yako ni mwandishi wa habari mjini Moshi. Waandishi wengi wasioajiriwa hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Malipo yakibaki yaleyale kwa miaka, usidhani hayajapungua. Mafuta ya taa hununuliwa nchi za nje kwa dola. Na dola moja mwaka 1966 ilikuwa shilingi 7 hivi, mwaka 1996 karibu 600, mwaka 2016 zaidi ya 2,000. Basi akikuletea kidogo, usimwite bahili. Keti naye mpige hesabu: alipoanza kazi, habari moja ilinunua kilo ngapi za sukari? Na leo je? Hayo ndiyo mapato yake halisi.